Mama wa Kwenye Fomu

Harusi aliulizwa maswali kumi na manne akayajibu yote vizuri, na lililomwangusha ni lile ambalo halikuwamo hata kwenye fomu.

Walikuwa wamekaa kwenye ukumbi wa jamii tangu saa moja asubuhi, yeye na bintiye Tasneem aliyekuja kuomba kitambulisho, juu ya viti vya plastiki vilivyopangwa mistari miwili. Mstari wa kulia ulikuwa wa wenye majina yasiyomsumbua mtu. Hao waliingia, wakapigwa picha, wakatoka wakicheka. Mstari wa kushoto ulikuwa wa akina Tasneem. Hao ilibidi kwanza wapigwe msasa, yaani waketi mbele ya kamati na kuulizwa babu yao alizikwa wapi, ukoo wao ni upi, na kama wana mtu wao aishiye ng'ambo ya mpaka. Neno lenyewe la msasa lafaa sana, maana hapo hutoki bila kuchunika.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Karani alikuwa Thuku, mwanamume wa makamo aliyehamishiwa Malindi miezi mitano nyuma na ambaye bado joto lilikuwa likimtesa. Kulia kwake alikaa Viola, naibu wa chifu, aliyekuwa akipiga miayo. Kushoto alikaa Mzee Uweis, aliyewekwa pale kuwawakilisha watu wa visiwani, kaskazini karibu na mpaka, ili serikali iseme kwamba hata wenyewe walishirikishwa.

Njia nzima Tasneem alikuwa amemfunza mamake. "Ukiulizwa pa kuzaliwa sema Faza, mama. Baba yako wa Faza, na kitambulisho chako kimeandikwa Faza. Usizidishe neno." Naye Harusi hakuzidisha. Alisema Faza, Thuku akaandika Faza, na fomu ikawa inaelekea mwisho wake. Hapo ndipo Mzee Uweis, aliyekuwa akimtupia jicho muda wote, aliposhindwa kujizuia.

"Binti ya nani wewe, mwanangu? Sura hii naijua."

"Binti ya Bi Mwanashee, mzee. Mkewe Lali Shee."

"Mwanashee aliyekuwa akisuka mikeka ya rangi? Lo! Mungu amrehemu. Na wewe ndiwe wake wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Aa! Basi wewe umezaliwa kwa nyanya yako."

"Kwa nyanya hasa," alisema Harusi, na uso wake ukakunjuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mamangu alipelekwa kwao mimba ilipoingia mwezi wa saba, akakaa mpaka arubaini ikaisha. Hakuna aliyepata kusema binti huyu hana kwao."

Kwa watu wa visiwani, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mwanamke. Mume akileta ubishi huonekana hana adabu, na mke asiyepelekwa huonekana hana watu. Wazee wawili wakikutana huulizana hayo kabla ya kuulizana hali. Mzee Uweis aliuliza kwa heshima, Harusi akajibu kwa heshima, wakasahau wote wawili walikuwa wapi.

Thuku aliinua kalamu. "Kwa nyanya ni wapi?"

Tasneem alimkanyaga mamake mguu. Harusi alimtazama Mzee Uweis, na mzee akainamisha kichwa. Angeweza kusema uongo. Lakini alikuwa ameanza kikao kwa bismillahi, na aliyekaa mbele yake alikuwa mzee aliyemjua marehemu mamake.

"Chovai," alisema.

"Chovai ni kata gani?"

Thuku alitoa simu yake, akaandika jina, akapanua ramani kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda. Aliposema, alisema kwa upole. "Hii iko Somalia, mama."

"Bwana karani," Mzee Uweis alidakia, "siku hizo watu walikuwa wakienda na kurudi. Wenda kuzaa, warudi. Wenda kuoa, warudi. Wala si jambo."

"Nimekuelewa, mzee. Lakini nimeshasikia, na nikisikia sina budi kuandika."

"Siku arubaini!" alisema Harusi. "Nilikaa huko siku arubaini, bwanangu, nikarudishwa Faza nimefunikwa kanga. Hata macho sikuwa nimefungua sawasawa. Mume wangu ni wa hapa hapa Malindi, mtaa wa Shella, na mtoto huyu nimemzalia chumbani mwangu."

"Fomu haiulizi siku ngapi."

Karatasi ya Tasneem ilitiwa kwenye faili la kijani lililoandikwa "Uchunguzi Zaidi". Kisha Thuku akanyoosha mkono tena, akaomba kitambulisho cha Harusi mwenyewe, akakibana kwa klipu juu ya karatasi hiyo.

"Hicho changu!" alisema Harusi. "Nimepiga kura nacho mara tano!"

"Ndiyo sababu lazima kichunguzwe," alisema Thuku, akamwita aliyefuata.

* * *

Mbaruk, mume wa Harusi, aliwaona kutoka mbali wakija, akasimamisha cherehani yake barazani. Alikuwa akishona kanzu za harusi ya watu, tatu zikiwa zimetundikwa ukutani bila mikono. Hakuuliza. Alijua kwa jinsi Tasneem alivyompita mamake hatua kumi mbele.

Barua ya chuo ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa kabati tangu mwezi uliopita, ili kila aingiaye aisome. Tasneem binti Mbaruk amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Afike Jumatatu saa mbili, aje na kitambulisho au walau karatasi ya kusubiria kitambulisho. Asiyefika, nafasi yake itapewa anayefuata. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, zimebaki siku sita. Katika mtaa mzima hakuna binti aliyewahi kubandikiwa barua kama ile, na majirani walikuwa wameshaanza kumwita Tasneem "sista", yeye akijifanya hapendi.

"Ulimwambia Chovai?" Mbaruk aliuliza baada ya kusimuliwa yote. "Harusi! Hata mimi ilikuchukua miaka miwili kuniambia Chovai."

"Aliniuliza mzee wa watu."

"Mzee wa watu na aliyeshika kalamu si mmoja."

"Ningemkataa mamangu mbele ya Uweis? Ningesema alizaa kwa wakwe kama mwanamke aliyeokotwa?"

Tasneem alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya ile barua. "Katiba yasema mtoto wa Mkenya ni Mkenya," alisema. "Baba au mama, mmoja tu anatosha. Tumeisoma shuleni, tukapewa mtihani. Nilipata zote. Baba ana kitambulisho, hakuna anayekitilia shaka. Kwa nini wanamuuliza mama alizaliwa wapi?"

Ni vigumu kumweleza mtoto aliyepata zote kwamba waliotunga mtihani hawakukusudia aende nao ofisini.

"Kesho nitakwenda kwa mheshimiwa wa wadi yetu," alisema Harusi. "Lewis atatusaidia. Mikate yangu ndiyo iliyomwingiza."

* * *

Hakuwa akijisifu bure. Mwaka wa kampeni Lewis Baya hakuwa na kitu ila gari la kuazima na kipaza sauti kinachokwaruza. Harusi alipika mikate ya mofa, ile ya kuokwa tanurini, kwa mikutano yake kumi na miwili, akazunguka mitaa ya Shella akigonga milango ya wanawake wenzake. "Huyu si wa kabila letu lakini ana haya," ndivyo alivyowaambia. Lewis aliposhinda alikuja nyumbani kwa miguu, akala mkate akiwa amesimama, akamwambia, "Mama Tasneem, mlango wangu ni wako."

Mlango wenyewe sasa ulikuwa na mlinzi. Aliomba kitambulisho ili aandike jina la mgeni kwenye daftari.

"Kitambulisho ndicho kilichonileta," alisema Harusi.

"Bila kitambulisho huingii, mama. Ndiyo sheria ya ofisi."

Alisimama juani tangu saa tatu hadi saa saba kasoro, kando ya watu waliokuja kuomba mashine ya maji na barua za kazi. Lewis mwenyewe ndiye aliyemwona alipotoka kwenda kula, akapiga kelele, "Aa, Mama wa Mikate! Nani amekuweka jua lote hili?" Akamkaripia mlinzi mbele ya watu wote, na watu wakacheka, na Harusi akajiona amerudishiwa heshima yake. Akamfuata ndani.

Lewis alisikiliza vizuri. Hiyo haki apewe. Hakutazama simu, hakumkatiza. Harusi alipomaliza, aliinuka akafunga mlango, kisha akaketi kwenye kiti cha wageni upande ule ule wa Harusi.

"Mama, wewe ni Mkenya kuliko mimi. Mimi najua, Thuku anajua, chifu anajua."

"Basi piga simu."

"Nisikilize kwanza. Mimi nilichaguliwa na watu elfu nne na ushei. Shella ilinipa mia nane. Waliobaki wako kule bara ya wadi, kwenye mihogo na mahindi. Kila nikifanya mkutano huko wananiuliza jambo moja. Si maji, wala si barabara. 'Mheshimiwa, hawa Wasomali wataacha kupewa vitambulisho lini? Watoto wetu hawana kazi.' Nikiwaambia hawa si Wasomali, hawa ni watu wa Faza, wananipigia mbinja."

"Waeleweshe."

"Nilijaribu mara moja. Kesho yake mpinzani wangu alizunguka na gari akitangaza kwamba Lewis anauza wadi." Alijifuta uso. "Mkutano wa mwezi uliopita nimewaahidi kamati itakuwa kali zaidi. Walinipigia makofi, mama. Sijapigiwa makofi namna ile tangu nichaguliwe."

Harusi alimtazama kijana huyu aliyemlisha kwa mikono yake. "Kwa hivyo ni wewe."

"Si mimi. Ni watu. Wengi ndio waliotaka, na mimi kazi yangu ni kufanya wengi walitakalo."

"Na sisi wachache tufanyeje?"

"Sheria iko upande wenu. Nendeni kortini."

"Mpaka Jumatatu?"

Lewis alitazama kucha zake. Halafu akasema jambo ambalo huenda alilidhania faraja. "Na hata nikitaka kuwahesabu watu wa Shella, nitawahesabu vipi? Asiye na kitambulisho hapigi kura. Hata wewe mwenyewe sasa huna."

"Uliapa," alisema Harusi. "Nilikuja kiwanjani nikakuona. Ulishika kitabu chenu cha dini ukaapa utailinda Katiba. Hukusema utailinda pale wengi wakipenda."

Macho ya Lewis yalilowa, na si machozi ya uongo. Alikuwa kweli na haya, kama Harusi alivyowaambia wanawake wenzake. Lakini haya ya mtu mmoja, mlango ukiwa umefungwa, haikumpa mtoto wa watu kitambulisho. Alimsindikiza mpaka nje, akamwambia mlinzi kwa sauti kubwa kwamba siku nyingine Mama wa Mikate aingie bila kuulizwa. Harusi hakurudi tena.

* * *

Aliyekuja na njia ni Kadii Kambi, anayemletea Harusi nazi kutoka Sabaki kila Alhamisi. Wamejuana miaka kumi na saba sasa. Kadii ni Mgiriama, mjane, mama wa wana watatu wa kiume, mwenye ulimi wa kucheka na kila mtu. Siku hiyo alishusha kapu lake karibu na tanuri, akasimuliwa, na hakucheka.

"Mwenehu," alisema, maana hivyo ndivyo kwao mtu anavyomwita nduguye, "mtoto aandikwe kwangu."

"Aandikwe vipi?"

"Baba, Mbaruk. Mama, Kadii. Nitasema alinioa, tukaachana, mtoto nikamlea mimi. Chifu wa kwetu ni mwana wa mjomba wangu, atatoa barua leo. Ofisi ya kule ng'ambo ya mto haina kamati. Mtoto wa Kadii Kambi atapigwa msasa wa nini? Sisi tunaulizwa jina, tunapewa."

Harusi alikuwa ameshika donge la unga. Aliendelea kulikanda muda mrefu kuliko linavyotaka.

"Ukishikwa?"

"Nikishikwa nitasema nilikuwa mpumbavu. Wataamini upesi." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Wanaopiga makofi kule mikutanoni ni watu wetu, Harusi. Wengine ni ndugu zangu. Mimi mwenyewe nilikuwako siku ile, nikapiga. Sikujua kwamba ni wewe wanayekusema."

Harusi aliinua uso. Wala hakukasirika. Aliliweka donge chini, akaketi kwenye kigoda.

Mbaruk alipoambiwa alikataa kwanza, kisha akaitazama ile barua kabatini, kisha akatoa kitambulisho chake mfukoni na kukiweka juu ya cherehani. "Chukueni. Lakini mimi siendi. Siwezi kukaa mbele ya mtu nikasema mke wangu ni mwingine, halafu jioni nikaja kula chakula chako."

"Mimi ndio sitaki," alisema Tasneem. "Nitangoja. Nitaomba tena mwakani."

"Mwakani utaulizwa tena mimi nilizaliwa wapi," alisema Harusi, "na mimi sitakuwa nimezaliwa pengine."

"Mama, ni uongo! Wewe ulishindwa kusema uongo kwa jina la kisiwa tu. Mimi nikukane wewe mzima?"

Harusi alimshika bintiye mashavu kwa mikono yenye unga. "Mimi nilisema kweli, na unaona ilipotufikisha. Dhambi ya hii ni yangu. Wewe utajibu unachoulizwa, basi. Ukishavaa nguo nyeupe utawatibu na wao pia, hao wapiga makofi."

* * *

Ijumaa asubuhi walivuka daraja watatu. Harusi hakuwa na haja ya kwenda, na Kadii alimwambia hivyo mara mbili, lakini Tasneem alisema asipokwenda mamake naye haendi.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana, na karani wake alikuwa Monicah, mwanamke mchangamfu mwenye tumbo la miezi minane. Hakukuwa na mistari miwili. Aliwakaribisha benchini, akaisoma barua ya chifu nusu, hadi penye neno uuguzi, akaichukua fomu.

"Jina la baba?"

"Mbaruk Athman," alisema Tasneem.

"Jina la mama?"

Monicah aliinua macho. Nje mtu alikuwa akimfukuza mbuzi. Tasneem alifungua mdomo, ukafumbika wenyewe. Kadii alianza kujikohoza. Harusi, aliyekaa mwisho wa benchi, alitazama mbele tu, hakugeuka hata kidogo, akijua akigeuka yote yatamwagika pale sakafuni.

"Kadii Kambi," alisema Tasneem.

"Wewe ndiye Kadii? Hongera, mama. Binti muuguzi!" Monicah aliandika kwa haraka. "Umemzaa nyumbani au hospitali?"

"Nyumbani," alisema Kadii.

"Uchungu wake ulikuwaje? Nauliza tu, mimi huyu ni wangu wa kwanza. Naogopa."

Kadii alibabaika. Wanawe watatu wote walimtoka upesi, lakini uchungu wa huyu hakuujua. "Ulikuwa... ulikuwa wa kawaida."

Siku mbili na usiku mmoja, ndivyo ulivyokuwa. Mkunga aliitwa mara mbili, na Mbaruk alisoma Yasini nje ya mlango hadi sauti ikamkauka. Harusi aliusogeza mkoba wake mapajani.

"Na wewe, mama?" Monicah alimgeukia kwa tabasamu. "Uko foleni, au nani wao?"

"Jirani," alisema Harusi. "Nimewasindikiza."

Ikaja zamu ya alama za vidole. Monicah alimpaka Tasneem wino mweusi kidole kimoja kimoja, akavibonyeza kwenye karatasi, vyote kumi. Tasneem alimwacha amshike mikono bila kuitazama. Ilipokwisha, karani aligonga muhuri kwenye karatasi ya kusubiria, akaitia kwenye bahasha, akampa Kadii. Kisha akampa na kitambaa.

"Mama, msaidie mtoto ajipanguse. Atachafua buibui."

Kadii alikichukua kitambaa. Alianza kumpangusa Tasneem vidole, na kadiri alivyosugua ndivyo wino ulivyozidi kusambaa mpaka viganjani. Tasneem alikuwa akilia sasa, bila sauti, na Monicah akasema kwa huruma kwamba wasichana wengi hulia siku ya kitambulisho, ni furaha.

Wino ule hautoki kwa kitambaa kikavu. Wataka mafuta ya nazi, kidogo tu, na kusuguliwa taratibu kuanzia kwenye ukucha. Harusi alikuwa na kichupa cha mafuta hayo ndani ya mkoba, alichokibeba kutoka nyumbani kwa ajili hiyo. Alikishika kwa nje ya mkoba, akakibana. Hakukitoa.